Unasafiri ziwani msimu huu wa vuli? Soma hii kabla hujakata tiketi

Kila ikianza miezi ya vuli, kuanzia wa tisa mwishoni mpaka wa kumi na mbili, naulizwa swali lile lile na ndugu na marafiki wa Dar na Arusha: je nikitaka kwenda Ukerewe au Bukoba kwa meli ya Ziwa Victoria kipindi hiki ni salama au nisubiri mpaka mwakani? Na wengine wameona kwenye taarifa ya habari vimbunga vya kule Karibi vinavyong'oa mabati na minazi, wanafikiri na huku kwetu ndo hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba safari iko, nenda, ila chagua saa ya kusafiri, chagua chombo, na uwe tayari kubaki nchi kavu siku ambayo ziwa limechafuka. Hayo matatu ndo kila kitu, na ntaeleza namna ya kuyafanya.

Kwanza tuelewane kuhusu dhoruba yenyewe mana wengi wanaogopa kitu ambacho sicho. Kule Karibi msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, kilele chake ni mwezi wa tisa karibu tarehe 10, na kimbunga cha kule kinazaliwa mbali baharini kinatembea siku nyingi, kinapewa jina, watu wanakifuatilia kwenye ramani. Melissa kilichoipiga Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025 kilikuwa kinajulikana siku kadhaa kabla hakijafika, kwaiyo meli za kitalii zinazozunguka visiwa vile zinageuza njia mapema zinakwenda upande mwingine, abiria anakosa kisiwa kimoja anashushwa kingine. Hata sisi Hidaya cha Mei 2024 tulikisikia kikija siku kadhaa kabla hakijatua Mafia. Ziwa Victoria halitoi kimbunga cha namna ile kwa sababu liko juu ya ikweta kabisa, na karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni ndogo mno. Lakini usishushe pumzi bado. Dhoruba ya ziwa haina jina wala haikupi taarifa ya wiki nzima, inajiumba usiku huo huo ndani ya masaa machache, inapiga, inakwisha, na saa mbili asubuhi ziwa liko shwari utadhani hakukuwa na kitu. Mtu wa Karibi anaangalia kalenda, sisi tunaangalia saa.

Kwa nini saa? Mchana ardhi inayozunguka ziwa inapata moto haraka kuliko maji, kwaiyo upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, ndo ule upepo mzuri wa saa tisa saa kumi ukikaa pale Capri Point ufukweni Mwanza, na mawingu ya radi yanajijenga huko juu ya ardhi, Magu, Misungwi, Sengerema, mvua inawapiga wao jioni. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo sasa unatoka pande zote, wa kwetu, wa Uganda, wa Kenya, unaenda kukutana juu ya ziwa, hewa ikigongana haina pa kwenda isipokuwa kupanda juu, na ikipanda na unyevu wote ule ndo unapata radi na upepo mkali kuanzia usiku mpaka alfajiri. Alafu ziwa lenyewe ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu hivi, kwaiyo upepo ukilipiga linatoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, moja halijaisha jingine limefika. Watu waliozoea bahari ya Hindi wanakuja huku wanalidharau kwa sababu ni maji baridi, wakikutana na mawimbi yale wananyamaza.

Sasa kanuni yangu ya saa ni hii. Kama unasafiri kwa boti ya mbao au boti yoyote ndogo, ondoka asubuhi jua likishatoka vizuri na mawingu ya usiku yameshaondoka, saa mbili, saa tatu hivi, na hesabu safari yako uwe umefika saa saba au saa nane mchana kabla upepo wa mchana haujaanza kuyainua maji. Usiku boti ndogo usipande, hata kama nahodha ni mjomba wako. Wavuvi wa dagaa kazi yao ni usiku wa giza na hawana namna, ndo mana dhoruba nyingi zinawakuta wao, lakini wewe msafiri unayo namna, itumie. Na usidanganywe na jioni nzuri, mana jioni shwari yenye joto zito na upepo uliokufa kabisa mwezi wa kumi na moja mimi ndo naiogopa zaidi.

Meli kubwa ni habari nyingine. Safari ya Mwanza kwenda Bukoba kupitia Kemondo ni ya usiku kwa kawaida, unalala unaamka Kagera, na MV Victoria ambayo ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati inabeba abiria 1,200, dhoruba ya kawaida ya ziwa itakuyumbisha na itakutapisha lakini chombo cha saizi ile kimetengenezwa kwa maji yale. MV Mwanza iliyojengwa hapa hapa bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023 ni kubwa zaidi, urefu mita 92 na ushee. Kwenda Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kuna MV Butiama na kuna vyombo vya watu binafsi, safari kama masaa matatu, hiyo panda ya mchana. Ratiba zinabadilika, chombo kinaingia matengenezo, kingine kinahamishwa njia, kwaiyo usitegemee ratiba uliyoiona mtandaoni mwaka jana, piga simu au pita bandarini Mwanza Kaskazini siku moja kabla uulize dirishani. Na kama unakwenda Sengerema au Geita sahau habari ya kuvuka kwa kivuko Kigongo kwenda Busisi, daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 2025, unapita juu kwa gari dakika chache.

Hapa nataka nikae kidogo mana ndo penye roho za watu. Ajali mbili kubwa ambazo watu wa kanda hii hawatazisahau, hakuna iliyoletwa na dhoruba. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza ikitokea Bukoba, mamia ya watu walikufa, wengi wamezikwa Igoma na makaburi yapo pale barabarani, na kilichoonekana ni chombo kilichojaza kupita kiasi na ambacho uwiano wake majini ulikuwa na matatizo. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina, daraja la tatu hawakuwa na orodha, kwaiyo mpaka leo idadi kamili inabishaniwa, kuna familia zinajua ndugu yao alipanda kwa sababu tu hakurudi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, siku ya gulio pale Bugolora kisiwani Ukerewe, mchana kweupe, kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, watu wanakiona kutoka ufukweni. Uwezo wake kivuko hicho ulikuwa watu kama 100, waliokufa peke yao walizidi 220. Fikiria hesabu hiyo. Kwaiyo unapoogopa mawingu ogopa na idadi ya watu, na siku ya gulio, siku ya kuamkia sikukuu na siku za kufunga shule ndo siku za kuangalia mara mbili.

Kuangalia vipi? Fika mapema, usifike dakika ya mwisho unakimbia na begi, mana aliyefika dakika ya mwisho hana muda wa kuona kitu anaingia tu. Kila chombo kilichosajiliwa kina idadi ya abiria iliyoruhusiwa, mara nyingi imeandikwa mahali panapoonekana, tafuta kibao hicho usome. Alafu simama pembeni ya gati uangalie ubavu wa chombo karibu na maji, kuna alama zilizopakwa rangi zinazoonyesha mwisho wa kuzama kikibeba mzigo, kama maji yameshazifunika hizo alama na bado wanapakia magunia, hapo usibishane na mtu, rudi nyumbani. Angalia pia kama kimelala upande mmoja. Chombo kilichopakiwa vizuri kinakaa sawa, kikiinama kikiwa bado kimefungwa gatini kitafanya nini huko kwenye mawimbi? Na mzigo uliopangwa juu, simenti au kreti za soda au matofali juu ya deki badala ya chini, ni wa kuogopa kuliko mzigo mwingi uliowekwa chini.

Tiketi iwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na watoto waandikishwe wote hata anayebebwa mgongoni. Ukiona wanaandika "mama + 2" waambie waandike majina. Sio usumbufu, ile orodha ndo inayosema nani alikuwemo. Na ukipewa tiketi ya mtu mwingine aliyeahirisha, usiikubali mpaka jina libadilishwe.

Siku mbili kabla ya safari anza kufuatilia Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatoa utabiri na wana kurasa zao mitandaoni kwa Kiswahili. Wana ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, na rangi zake njano, chungwa na nyekundu. Angalizo likitolewa kwa mikoa ya kanda ya ziwa mimi boti ndogo naiacha, meli kubwa naendelea kuulizia. Ikifika chungwa nahamisha safari bila kujadili. Ila kumbuka nilichosema, dhoruba ya ziwa inajiumba usiku huo huo, kwaiyo utabiri wa jana asubuhi hautoshi, soma tena jioni na soma tena kabla hujatoka nyumbani. Baada ya hapo angalia macho ya watu wanaolijua ziwa. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, ukikuta mitumbwi imevutwa juu na vijana wamekaa wanatengeneza nyavu wakati siku sio ya mapumziko, umeshapata jibu. Niliwahi kumsikia mama mmoja pale ana matenga ya nyanya anambembeleza nahodha, "Baba, nyanya zangu zitaoza hizi," na nahodha anamjibu kwa upole kabisa, "Mama, zikioza utanunua nyingine, leo hatutoki, limechafuka." Nahodha wa namna hiyo ukimpata chukua namba yake, na siku akikwambia hatutoki usiende kutafuta mwingine atakayekubali.

Panga safari yenye siku ya akiba. Hili watu wa mjini linawashinda kabisa, mtu anakuja harusi Nansio Jumamosi anataka avuke Jumamosi hiyo hiyo asubuhi na arudi Jumapili awahi ndege ya jioni. Msimu wa vuli usipange hivyo. Vuka siku moja au mbili kabla, na ukirudi usiwe na ndege wala basi la siku hiyo hiyo. Weka na pesa ya kulala gesti usiku mmoja zaidi pamoja na kula, iweke pembeni usiiguse, mana kinachowafanya watu wapande chombo kibovu siku mbaya mara nyingi sio ujasiri, ni kwamba pesa imeisha na hawana pa kulala. Ukikata tiketi uliza safari ikiahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa tarehe inabadilishwa vipi, na risiti utunze.

Sasa laifujaketi. Usiridhike kuambiwa "yapo", ulizia yako wapi na wewe mwenyewe ushike moja. Likamate uliminye, povu la ndani linatakiwa liwe gumu linarudi ukiliachia, likiwa limelainika na kuvunjika vunjika kama mkate mkavu halitakubeba. Vuta mikanda yote, angalia kifungo kinashika au kimekatika wamefunga kamba. Livae, alafu mwambie mwenzako alivute juu kwenye mabega kwa nguvu, likipanda mpaka kwenye masikio yako basi ni kubwa au hujalikaza, mana ukiingia majini litafanya hivyo hivyo, litapanda juu na wewe utashuka chini. Mtoto avae la mtoto. La mtu mzima kwa mtoto wa miaka minne anateleza anatoka kwa chini, na huu ndo ukaguzi ambao wazazi wengi hawaufanyi kabisa, wanaona mtoto amevaa rangi ya chungwa wanaridhika. Kama unasafiri na watoto mara kwa mara kwenda visiwani nunua lako la mtoto, ni pesa ndogo ukilinganisha na unachokilinda. Kwenye boti ndogo vaa toka unapanda mpaka unashuka, sio kulikalia, mawimbi yakishaanza hamna nafasi ya kuvaa.

Ukishapanda tafuta sehemu ya kukaa katikati ya chombo na chini chini, huko chombo kinayumba kidogo kuliko mbele na juu. Ila usikae sehemu ambayo mlango mmoja tu ndo wa kutokea na umezibwa na mabegi. Hesabu milango kutoka ulipo mpaka deki, tembea hiyo njia mara moja kabla taa hazijazimwa, ujue ngazi ziko wapi. Kichefuchefu ni cha kawaida msimu huu, kula kitu chepesi kabla, chapati ya mafuta na supu nzito acha mpaka ufike, tangawizi inasaidia watu wengi, na dawa za kichefuchefu cha safari zipo maduka ya dawa, unakunywa kabla ya kuondoka sio ukishaanza kutapika. Nyingi zinaleta usingizi na sio zote zinafaa kwa mama mjamzito au mtoto mdogo, muulize mfamasia kwanza. Kichwa kikianza kuzunguka toka nje upate hewa uangalie mbali, taa za ufukweni au mstari wa upeo, simu iweke mfukoni.

Dhoruba ikikukuta ndani ya meli kaa ulipo, vaa jaketi, mshike mtoto, na fuata wanachosema mabaharia. Kitu kimoja usikifanye kabisa, usikimbilie upande mmoja na wengine. Watu wakiona wimbi kulia wote wanakwenda kushoto, uzito wa watu mia mbili ukihama kwa pamoja unafanya kazi ambayo upepo ulishindwa. Waambie na walio karibu nawe wakae, sema kwa sauti ya kawaida, wazee wakiona kijana ametulia na wao wanatulia. Radi ikiwa inapiga ingia ndani, usisimame dekini kurekodi video ukiwa umeshika nguzo ya chuma.

Kwenye boti ndogo kabla hamjaondoka angalia kama kuna makasia na ndoo ya kukumbia maji, kama injini ni moja uliza wakizimikiwa katikati wanafanya nini, na mafuta yawe ya kwenda na kurudi, sio ya kwenda tu. Msalimie nahodha, "shikamoo mzee, leo ziwa linasemaje?", atakujibu mengi zaidi kuliko ukimuuliza bei peke yake, na utanusa pia kama amekunywa. Upepo ukibadilika ghafla ukawa wa baridi, ukaona mstari mweusi juu ya maji unakuja au mkia unaoshuka kutoka wingu mpaka majini, mwambie hapo hapo mkimbilie kisiwa au ufukwe wa karibu hata kama sio mlikokuwa mnaenda. Wageni wakati mwingine wanaona kitu kama moshi umesimama juu ya ziwa wanaogopa, ule mara nyingi ni wadudu wa ziwani, makundi yao yanapanda juu sana, hawana shida zaidi ya kuingia mdomoni. Boti ikipinduka shikilia boti. Ya mbao kwa kawaida inabaki inaelea hata ikiwa imejaa maji, na mtu anayeelea na boti anaonekana kutoka mbali kuliko kichwa kimoja katikati ya mawimbi. Ufukwe unaonekana karibu lakini sio karibu, usiogelee kuufuata. Kaeni pamoja, kunjeni magoti kifuani, maji ya ziwa ni ya uvuguvugu lakini masaa yakienda yanakunyonya joto.

Kabla hujaondoka mtumie mtu mmoja wa nyumbani meseji yenye jina la chombo, saa mliyoondoka, unakoenda na saa unayotegemea kufika, na mkubaliane ikipita muda fulani hujapatikana apige simu bandarini au polisi 112 au zimamoto na uokoaji 114. Katikati ya ziwa mtandao unakata kwaiyo asiogope ukiwa hupatikani njiani, aogope ikipita ile saa mliyopatana. Simu iwe na chaji imejaa na iwe kwenye kimfuko kisichopitisha maji, wanauza mjini.

Na ukikwama Nansio safari ya meli imeahirishwa na kweli una haraka, usiende kutafuta mtumbwi wa kukuvusha mpaka Mwanza. Panda gari mpaka Rugezi, vuka kwa kivuko kwenda Kisorya, huo mvuko ni mfupi sana ukilinganisha na kukata ziwa mpaka mjini, alafu uchukue gari la Bunda uunganishe barabara kuu ya kuja Mwanza. Nacho kivuko kikisimama kwa upepo subiri hapo hapo Rugezi, upepo wa namna ile mara nyingi haudumu siku nzima. Aliyekwama Bukoba ana barabara ya kupita Muleba na Geita, ni ndefu inachosha, beba maji ya kunywa na uondoke na basi la alfajiri.